Chujio Langu Ni Jiwe

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijaonja chai, mimi huinama chini ya tangi langu la samaki wa baharini nikafungua kikombe cha skima, chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu. Maji yaliyomo ni ya rangi ya strungi iliyochemshwa mara mbili, na kwenye shingo ya kikombe umejishika utando wa kahawia, mzito, unaoteleza chini ya kidole kama masizi yaliyolowa. Harufu yake ni ya dagaa walioanikwa siku ya mvua. Nayamwaga yote shimoni, nasuuza kikombe kwa maji ya bomba bila tone la sabuni, nakirudisha mahali pake. Dakika tano tu. Nazipenda dakika hizo kuliko nyingine zote za wiki, maana uchafu ule niliomwaga ni chakula kilichobaki, kamasi za samaki na kinyesi ambacho hakikupata nafasi ya kuozea ndani ya maji.

Naishi Bweyogerere, mashariki mwa Kampala, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka bahari niliyozaliwa kando yake. Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayopanda kutoka bandari ya Mombasa kupitia Malaba. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45, yaani takriban lita 240, na huu ni mwaka wake wa sita. Wageni wakilitazama huniuliza kwanza habari ya chumvi: naitoa wapi, naweka kiasi gani. Chumvi ni jambo jepesi. Inanunuliwa kwenye ndoo, gramu kama 36 kwa lita, unakoroga, unapima. Swali lililoninyima usingizi ni hili: uchafu unakwenda wapi? Bahari hupwa na kujaa, ina upana usio na mwisho wa kuupotezea taka zake. Tangi lina kuta nne za kioo.

Samaki akila, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo katika protini aliyoila humtoka tena kama amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Amonia ni sumu, na katika maji ya bahari, ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kama 8.1, sumu hiyo huwa kali zaidi kuliko katika maji baridi ya pH 7. Bakteria wa aina moja huibadilisha iwe nitriti, nayo ni sumu. Bakteria wengine huibadilisha nitriti iwe nitrati, ambayo samaki huivumilia lakini matumbawe huichukia ikizidi. Bakteria hawa wote wawili wanahitaji oksijeni. Kisha kuna kundi la tatu, wanaoishi mahali pasipo na oksijeni, ambao huivunja nitrati hadi ikawa gesi ya nitrojeni, ikapanda juu na kurudi hewani. Machujio yote yanayouzwa, ya bei yoyote ile, ni namna tu ya kuwapa viumbe hawa makazi, au namna ya kuutoa uchafu kabla haujawafikia.

Mimi nilianza na chujio la kopo. Ni kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko cha vibano na mabomba mawili, na ndani limepangwa sifongo, pamba na vigae vidogo vya kauri. Linakaa kabatini, halina kelele, na maji yake hutoka yameng'aa. Muuzaji alinihakikishia kuwa linatosha tangi la lita 400, nami nikaridhika.

Halafu ikaja Aprili. Mvua ya radi ilianza magharibi, na saa mbili usiku umeme ukakatika. Sikujali. Niliwasha taa ya sola, nikala, nikalala. Saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na mlio wa friji, nikajua umeme umerudi. Kabla sijafika sebuleni nilikutana na harufu ya yai bovu. Kopo lilikuwa limeamka lenyewe na kuanza kusukuma, na kwenye mdomo wa bomba palikuwa panatoka wingu la kijivu, polepole, likitambaa juu ya mchanga. Nilichomoa waya kwa mkono unaotetemeka. Samaki wote wanne walikuwa juu kabisa, midomo ikigonga uso wa maji. Kulipopambazuka wawili walikuwa wamelala ubavu.

Nilikaa sakafuni asubuhi ile mpaka nikachelewa kazini. Nilichoelewa baadaye ni hiki. Ndani ya kopo mna lita sita au saba tu za maji, na ndani ya maji hayo machache wamejazana bakteria wengi mno. Pampu ikisimama, wanamaliza oksijeni yao kwa muda mfupi. Wanaohitaji hewa wanakufa na kuoza, wale wasiohitaji hewa wanashika nchi na kutengeneza gesi ya salfa yenye sumu. Chombo nilichokinunua kisafishe maji kilikuwa kimepika sumu kwa saa tisa, kisha kikawapelekea samaki wangu yote kwa mkupuo mmoja.

Tangu siku hiyo kila kifaa nakiuliza swali moja kabla ya kuuliza bei: umeme ukiondoka kwa saa tisa, wewe utakuwa nini? Mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki anaweza kuchagua chujio kwa kuangalia kelele, ukubwa na uzuri wa kabati. Sisi wa huku tuchague kwa swali hilo kwanza. Mengine yote yafuate.

Jibu nililolipata ni jiwe.

Si jambo jipya. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza namna alivyofuga samaki na viumbe vya baharini kwa mawe yaliyotoka miambani, maji ya bahari, mwanga wa jua na viputo vya hewa, basi. Baadaye wafugaji wa Berlin wakachukua mawe hayo hai, wakaongeza skima na taa kali, na hadi leo namna hiyo inaitwa mtindo wa Berlin. Nikitazama nyuma naona Jakarta ya wakati ule na Kampala ya leo zina jambo linalofanana: huwezi kuuweka uhai wote wa tangi mikononi mwa pampu moja.

Jiwe zuri la tangi limetoboka hadi ndani. Juu yake, panapopita maji, wanakaa bakteria wa amonia na nitriti. Ndani zaidi, oksijeni inapokwisha, wanakaa wale wa nitrati. Kazi zote tatu zinafanyika katika jiwe moja. Na umeme ukikatika? Jiwe halimo koponi. Limezungukwa na lita 240 za maji yaleyale ambayo samaki wanapumua, kwa hiyo bakteria wake wana akiba kubwa ya hewa. Ukiweza kuyatikisa maji hayo kidogo tu, kwa kifaa chochote, chujio lako lote linaendelea kuishi.

Sasa, jiwe hilo litoke wapi? Hapa nitasema bila kuficha, kwa sababu nimeombwa mara nyingi nimletee mtu "kipande tu" kutoka pwani. Sileti, na wewe usilete. Matumbawe magumu yote yako kwenye Jedwali la Pili la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, pamoja na mawe hai yaliyojengwa na matumbawe hayo, na Kenya na Uganda zote mbili ni wanachama. Bila kibali ni magendo. Hata kama sheria isingekuwapo, nimeuona mwamba wa nyumbani tangu nikiwa mtoto wa kuokota kombe wakati wa maji kupwa, na najua ulivyokuwa. Siwezi kuubomoa ule nijenge huu.

Lakini mkataba huohuo unaacha nje visukuku, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe. Na sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya kisukuku. Yale matumbawe ya kujengea, yanayochimbwa nchi kavu na kukatwa kwa misumeno, ni mwamba wa bahari wa zamani sana, zaidi ya miaka laki moja, uliobaki juu bahari ilipoteremka. Ngome ya Yesu imesimama juu ya mwamba huo. Mjomba wangu alikuwa mwashi upande wa Kilifi maisha yake yote, kwa hiyo nilimpigia simu.

"Mjomba, nataka matumbawe, lakini yale mepesi, yaliyotoboka."

"Jiwe jepesi ni bovu, mwanangu. Mwashi hulikataa."

"Hayo hayo mnayoyakataa ndiyo nayataka."

Alikaa kimya kidogo. "Ya nini?"

Nilimweleza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Basi yanarudi baharini," akaenda mwenyewe machimboni, na wiki mbili baadaye magunia mawili yakanifikia kwa basi, na karatasi za machimbo juu yake. Nilichambua kilo 28. Kipimo changu kilikuwa rahisi: pima jiwe likiwa kavu, lilaze majini usiku mzima, lipime tena. Jiwe la kilo tatu lililoongezeka gramu mia sita lilikuwa na vyumba vya kutosha ndani yake. Lililoongezeka gramu hamsini nililirudisha bustanini.

Jirani yangu, mzee wa Tororo, alinihurumia kwa gharama hizo. "Dada, mawe ya chokaa kwetu yamejaa, saruji yote ile inatoka wapi?" Alikuwa sahihi kuhusu saruji. Lakini chokaa ya Tororo haikujengwa na viumbe vya bahari. Ilitoka chini, kwenye volkano ya kale, na palepale jirani, kwenye vilima vya Sukulu, ndipo penye akiba ya fosfati, malighafi ya mbolea. Fosfati ndiyo mbolea ya mwani mbaya pia. Labda jiwe moja lisingeleta madhara. Sikutaka kujaribu na viumbe walio hai.

Mawe ya mjomba niliyasugua kwa brashi ngumu, nikayalaza kwenye pipa la maji safi kwa wiki tatu nikibadilisha maji, kisha nikayahamishia maji ya chumvi, pampu ndogo ikizunguka, gizani. Niliweka amonia kidogo na sifongo chafu kutoka tangi la rafiki, ili bakteria wapate mbegu. Wiki saba. Kila Jumapili nilichukua maji kwenye kichupa, nikadondosha matone ya kipimo, nikangoja rangi. Wiki ya pili amonia ilikuwa bado kijani kibichi. Wiki ya nne ikaanza kufifia kuwa njano huku nitriti ikipanda. Wiki ya saba vyote viwili vilikuwa sifuri siku moja baada ya kuweka amonia. Wale wa ndani, wa nitrati, walichukua muda mrefu zaidi. Ilifika mwezi wa nane tangu nianze kabla sijaona nitrati ikishuka yenyewe.

Skima ni msaidizi wa jiwe, tena msaidizi ninayemheshimu sana. Inavuta hewa na kuisaga kuwa viputo vidogo mno, kama vumbi, ndani ya bomba lililosimama. Uchafu wa asili ya chakula na kamasi una tabia ya kung'ang'ania mahali maji yanapokutana na hewa, kama povu la jivu la kuosha masufuria linavyoshika mafuta. Viputo vikipanda hubeba uchafu huo, povu hukauka kidogo kidogo shingoni, kisha humwagikia kikombeni. Katika maji ya ziwa haifanyi kazi hivyo, kwa sababu viputo hukutana na kuungana vikawa vikubwa. Chumvi ndiyo inayovizuia visiungane. Machujio ya sifongo na pamba hushika uchafu na kuuacha palepale majini mpaka uje kuuosha. Skima huutoa nje kabisa.

Huku kwetu juu ina faida nyingine ambayo mtu wa Mombasa haihitaji sana. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 12 au 13 kuliko ya pwani, na maji hupokea oksijeni pungufu kwa kadiri hiyohiyo. Maji ya bahari yenye nyuzi 26 yanaweza kubeba takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita pale Mombasa. Chumvi ileile, joto lilelile, hapa Bweyogerere hayafiki 6. Samaki wangu wanaanza kila usiku na akiba ndogo. Skima inayochanganya hewa na maji mchana kutwa na usiku kucha inawajazia.

Kitu kimoja kilinisumbua miezi mingi. pH yangu ilikuwa 7.8 na haipandi, nifanye nifanyavyo. Nilinunua dawa za kuipandisha, ikapanda saa mbili, ikashuka. Siku moja nilikuwa napika matooke kwenye sigiri mlangoni, upepo unaingiza moshi ndani, nikaitazama skima inavyonyonya. Ilikuwa inanyonya hewa ya nyumba hiyohiyo, yenye kaboni dioksidi ya mkaa na ya watu watano waliofunga madirisha kwa sababu ya mbu. Nilinunua mpira wa mita tatu, nikaupitisha kwenye tundu la fremu ya dirisha mpaka nje. Siku ya tatu pH ilikuwa 8.1. Mpira tu.

Na swali langu? Umeme ukiondoka, skima husimama. Uchafu uliomo kikombeni unabaki kikombeni, hauozi ndani ya tangi. Hatari yake ni umeme unaporudi, maana maji ya sampu huwa yamepanda na povu hutoka kwa kishindo, likajaza kikombe na kumwagika. Nimetoboa kikombe changu, nikakiunga mpira unaoshuka kwenye jerikeni ya lita tano. Sampu yenyewe ni tangi dogo la chini ambamo skima na pampu ya kurudisha maji zimekaa. Mwambie fundi wa vioo aiache na nafasi kubwa ya kupokea maji yanayoshuka pampu ikisimama, kisha toboa kitundu kidogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji ya juu. Hewa ikiingia hapo, maji yanaacha kujivuta. Nilikuwa sijui habari ya kitundu hicho, nikalikunja zulia la mama mkwe likiwa limelowa maji ya chumvi.

Katika chumba kimoja cha sampu nimeweka mwani wa kijani unaofanana na nyuzi za nailoni zilizovurugika. Wafugaji huuita keto. Una taa yake ndogo inayowaka usiku, wakati taa za juu zimezimwa, ili uendelee kutoa oksijeni saa ambazo kila kitu kingine kinaitumia. Unakula nitrati na fosfati, na kila baada ya wiki mbili nautoa ngumi moja nikautupa kwenye mboji, yaani nautoa uchafu nikiwa nimeushika mkononi. Umeme ukikatika unalala tu. Kwa mtu mwenye fedha kidogo ningesema aanze na mawe na mwani, skima aingojee. Najua wengi hawatakubaliana nami kwa hilo.

Mengine nitayapitia haraka. Mkaa amilifu huondoa rangi ya njano na sumu ambazo matumbawe laini hutupiana, nami nautumia siku nne kwa mwezi, kikombe kimoja. Si mkaa wa jikoni, tafadhali, maana ule haujafunguliwa vinyweleo kwa mvuke na hujui una nini ndani. Chembechembe za chuma za kunyonya fosfati zinafanya kazi vizuri, lakini ukizitia nyingi kwa mara moja matumbawe yanapauka. Soksi za kuchujia ni nzuri kama utazifua kila siku ya tatu. Mimi nilishindwa, nikaziacha. Zile sanduku za mipira ya plastiki inayonyunyiziwa maji huua amonia kwa haraka sana, kisha hukuachia nitrati yote. Mchanga wa kina cha sentimita kumi na zaidi huvunja nitrati kweli, ila ukivurugwa baada ya miaka unatoa harufu ileile niliyoisikia alfajiri ile ya Aprili. Wangu ni sentimita tatu.

Nirudi kwenye maji yenyewe, kwa sababu uchujaji huanza kabla maji hayajaingia tangini. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria na kutiwa klorini. Ni maji mepesi. Kipima TDS changu, cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini, husoma chini ya 100, na wengi wakiona namba hiyo husema hakuna haja ya mashine ya RO, ile ya kusafisha maji kwa utando. Nami niliamini hivyo mwaka mzima, huku mwani mwekundu unaoteleza ukifunika mchanga wangu kama shuka. Namba ile inakuambia vitu vilivyoyeyuka ni vingi au vichache. Haikuambii ni vitu gani. Nusu miligramu ya fosfati kwa lita haimdhuru mtu anayekunywa, wala kipima hakiitofautishi na chumvi nyingine, lakini ni mara kumi ya ile ninayoitaka tangini, ambayo ni 0.05. Tena tangi langu hupoteza lita tatu kwa siku kwa mvuke. Maji yanaondoka, yaliyoyeyuka yanabaki. Nikijaza lita tatu kila siku, kwa mwaka nimeingiza lita zaidi ya 1,000, na kila kilichokuwamo ndani yake kimebaki nami.

Mashine ya RO husukuma maji kupitia utando, na utando huo unataka msukumo wa bar 4 hivi. Tangi la juu ya nyumba, mita sita kutoka chini, linatoa 0.6. Ndiyo maana wengi huinunua, ikatoa matone mawili kwa dakika, wakadhani ni mbovu. Nunua na pampu yake ya kuongeza msukumo. Chujio la mkaa lililo mbele yake libadilishwe kwa wakati, maana klorini huula utando. Kwa kila lita safi mimi hupata lita tatu au nne za maji ya pembeni, nazo zinakwenda kwenye migomba na kufulia. Kuhusu mvua, ambayo tunayo tele: paa zetu ni mabati, mabati yamepakwa zinki, na konokono na matumbawe hawaivumilii zinki.

Kila wiki nabadilisha lita 24, chumvi yake karibu gramu 860. Nitrati yangu inacheza kati ya miligramu 3 na 8 kwa lita. Siitafuti sifuri. Matumbawe pia yanakula.

Mwezi uliopita umeme uliondoka saa nne usiku, ukarudi kesho yake saa saba mchana. Nina betri moja ya volti 12, ampea-saa 100, na pampu ndogo ya wati 10 ya kutikisa maji iliyounganishwa moja kwa moja bila inveta. Betri hiyo inaweza kuiendesha zaidi ya siku mbili bila kushuka chini ya nusu. Nilikaa mbele ya kioo na tochi, nikawatazama samaki wangu wawili wenye michirizi myeupe. Walikuwa wamejilaza kwenye kona yao, matamvua yakienda taratibu, wamelala. Uso wa maji ulikuwa unatetemeka. Nami nikaenda kulala.

Kijana mmoja wa Entebbe, fundi wa simu, anajenga tangi lake la kwanza la lita 150. Alikuja kwangu na picha ya chujio la kopo alilokuwa amelipia nusu ya bei, nikamwonyesha nilipokaa asubuhi ile. Alienda kuomba arudishiwe fedha zake. Sasa ana pipa la mawe kwenye veranda, magunia mengine ya mjomba, na hii ni wiki ya tano. Jana usiku alinipigia.

"Dada, amonia ni sifuri. Lakini nitriti bado zambarau, tena zambarau kali."

Nikamwambia asiongeze kitu, asitoe kitu, aifunike pampu isilowe mvua. Jumapili nitapita na ngumi ya mwani ndani ya chupa.